Ugomvi wa The Lamb tumeurithi, hatukuuanzisha sisi

Hii ndo hotuba niliyotoa kwenye kikao chetu cha wasikilizaji kuhusu The Lamb, albamu ya bendi ya rock ya Genesis. Wengi hamkuweza kufika na mkaniomba niiweke yote, basi hii hapa, nimeiacha kama nilivyoiongea, nimetoa picha za kwenye skrini tu.

Ndugu zangu wapenda muziki, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Na nyie mliokaa kule nyuma karibu na mlango nawaona, najua nyie ndo wale mnaosema albamu hii ni takataka, karibuni sana, leo nimekuja kwa ajili yenu hasa.

Nimeombwa niongelee The Lamb Lies Down on Broadway ya Genesis. Sijaombwa niitetee, nimeombwa niiongelee tu, na nashukuru kwa hilo maana kuitetea yote kutoka mwanzo hadi mwisho siwezi, na mtaona kwa nini. Ukiitaja tu hii albamu mbele ya watu watano wanaopenda rock ya zamani, hapo hapo unapata kambi mbili. Mmoja anakwambia hii ndo kazi kubwa kuliko zote bendi hiyo iliyowahi kufanya, mwingine anakwambia ni dakika tisini na kitu za mtu mmoja kuota ndoto na kutulazimisha tukae tuiangalie. Na wote wawili wameisikiliza! Hapo ndo pananishangaza. Sio kwamba mmoja kaisikia na mwingine kasimuliwa. Wameisikiliza wote, mara nyingi, wana santuri zake nyumbani, na bado hawakubaliani hata kama ni nzuri au ni mbaya.

Kwa wale wageni, nieleze haraka. Ilitoka Novemba 1974, santuri mbili, yaani pande nne, nyimbo 23. Bendi ni Waingereza watano: Peter Gabriel anaimba, Tony Banks kinanda, Mike Rutherford besi, Steve Hackett gitaa, Phil Collins dramu. Ni albamu ya hadithi moja mwanzo mwisho, zile mnazoita za konsepti. Kuna kijana anaitwa Rael, Mpuerto Rico wa New York, anaibuka kutoka kwenye treni ya chini ya ardhi asubuhi akiwa kaficha kopo lake la rangi ya kupuliza. Mwanakondoo kalala katikati ya Broadway. Linashuka wingu zito kama ukuta pale Times Square, linammeza. Kuanzia hapo yuko chini ya ardhi huko. Anajikuta amezungukwa na mawe yaliyojipanga kuwa tundu, anamwona kaka yake John nje, anamwita, John anamtazama, anageuka, anaondoka zake. Anapita kiwanda wanapopakiwa watu kama bidhaa, anapita chumba chenye milango 32, anakutana na viumbe nusu nyoka nusu mwanamke, wanamwonja, wanakufa, naye anawala. Anafika kwa jamii ya watu waliojaa manundu mwili mzima, anagundua na yeye kashageuka hivyo hivyo, dawa yake ni kuhasiwa, anahasiwa, kilichokatwa kinatiwa kwenye mrija, anakuja kunguru anakwapua mrija anatokomea nao. Mwisho John anachukuliwa na maji, Rael anaruka kumwokoa, anamgeuza amtazame usoni. Uso ni wake mwenyewe.

Nani hapa ameelewa? Nyoosheni mikono. Naona mikono mitatu, na wawili kati yenu nawafahamu, mnadanganya.

Sasa ninachotaka kusema leo ni hiki. Ule ugomvi wetu kuhusu albamu hii hatukuuanzisha sisi. Tumeurithi. Ulianza kwenye nyumba moja chakavu kati ya watu watano, ukarekodiwa pamoja na magitaa, ukafungiwa ndani ya kava, tukauziwa. Sisi tunaurudia tu kila mwaka tukidhani ni wa kwetu.

Tuingie kwenye hiyo nyumba. Inaitwa Headley Grange, iko Hampshire huko Uingereza, bendi ya Led Zeppelin walishaitumia kabla yao, na Genesis walipofika mwaka 1974 kutunga hii kazi walikuta panya wamejaa, hadi usiku wanawasikia wanakimbia kwenye kuta. Ndani ya nyumba hiyo vyumba viwili ndo vya muhimu kwetu. Chumba kimoja wamekaa wanne, Banks, Rutherford, Hackett na Collins, wanapiga, wanajaribu, wanatunga muziki. Chumba kingine yuko Gabriel peke yake na karatasi zake, anaandika hadithi. Nataka mkione hicho kitu vizuri. Muziki chumba hiki, maneno chumba kile, na ukuta katikati.

Na haikutokea kwa bahati mbaya, walibishana kabla ya kufika hapo. Rutherford alikuja na wazo lake, watunge albamu juu ya The Little Prince, kile kitabu cha yule mtoto mdogo wa kwenye sayari yake. Gabriel akakataa katakata, kwake yeye huo ulikuwa utamu mtupu, alitaka kitu cha mtaani, kitu chenye jasho na uchafu, wakati wenzake walishazoea hadithi za visasili na bustani za Kiingereza. Akashinda. Halafu akaongeza sharti, kwamba kama hadithi ni yake basi maneno yote ayaandike yeye. Bendi ambayo kila mtu alikuwa anachangia mashairi, ghafla mtu mmoja anashika kalamu peke yake. We ungekuwa Tony Banks ungejisikiaje?

Subirini, bado. William Friedkin, yule mwongozaji wa filamu ya The Exorcist, alikuwa amesoma kisa kifupi ambacho Gabriel alikiandika nyuma ya kava la albamu yao ya laivu ya mwaka 1973. Kikamkuna. Akamtafuta, anataka wafanye kazi pamoja kwenye filamu. Gabriel akawaambia wenzake jamani naomba tusimame kidogo, wenzake wakasema hatusimami, akaondoka! Katikati ya utunzi mwimbaji kaondoka. Friedkin aliposikia kwamba anakaribia kuivunja bendi ya watu akarudi nyuma, na Gabriel naye akarudi. Lakini mtu akishaondoka mara moja mnajua wenyewe inavyokuwa, anarudi yeye ila pale alipokuwa hapako tena.

Julai ya mwaka huo huo mke wa Gabriel akajifungua binti yao wa kwanza, mtoto kazaliwa na hali mbaya sana, haikujulikana kama atapona. Bendi iko Wales inarekodi kwa studio ya kwenye gari, mtoto yuko hospitali London, baba yuko barabarani kati ya hapo na pale. Wenzake wanataka maneno ya nyimbo, mtu anawaza kama mwanae ataamka kesho. Wao wenyewe wamekuja kukubali miaka mingi baadaye kwamba hawakumwelewa vile ilivyotakiwa. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, sitaki kuwahukumu.

Kwa hiyo ikawaje? Ikawa muziki umesharekodiwa na maneno bado. Gabriel anakuja kumalizia kuimba baadaye juu ya muziki ambao ulitungwa bila hayo maneno, ni kuvaa suruali iliyoshonewa mtu mwingine, pengine inakaa vizuri ajabu, pengine inabana. Na hadi ikafika mahali muda umeisha, wimbo mmoja, The Light Dies Down on Broadway, maneno yake wameandika Banks na Rutherford. Lile sharti la kalamu moja likavunjika kwa sababu ya tarehe.

Sasa rudini kwenye kambi zetu mbili. Wewe unayesema muziki wa albamu hii ni wa hali ya juu ila hadithi inakera, wewe uko chumba cha wanne. Tony Banks mwenyewe hajawahi kuficha kwamba ile hadithi haikuwa kitu alichokipenda sana, kwa hiyo kaka una mwenzako mkubwa tu. Na wewe dada unayesema ukiondoa Rael hapabaki kitu, kwamba zile solo ndefu za kinanda ndo zinakuchelewesha kufika kwenye kisa, wewe uko na Gabriel chumba cha pili. Mnagombana nyie? Hapana. Mnarudia maneno ya watu waliokuwa mle ndani 1974.

Naona mtu anatikisa kichwa. Anasema mzee, Genesis ni Genesis, hiyo ni bendi moja. Sawa. Twende kwingine basi.

Kuna kitu kinachoitwa hadithi ya albamu, na sisi wasikilizaji tunaiheshimu kupita kiasi, tunaichambua mstari kwa mstari tukidhani mtunzi aliketi akaipanga yote kichwani kabla hajagusa gitaa. Albamu ya Tommy ya bendi ya The Who, 1969, mnaijua, ile ya kijana asiyeona, asiyesikia, asiyesema, anageuka kuwa kiongozi wa kiroho. Mpiga gitaa na mtunzi wao Pete Townshend alikuwa karibu anamaliza, akampigia kipande mwandishi wa muziki anaitwa Nik Cohn asikie. Cohn akaonekana hajachangamka, kaona ni nzito mno, ya kidini mno. Sasa Townshend alikuwa anajua huyu bwana ni mgonjwa wa pinball, ile mashine ya kuchezea kigololo cha chuma. Akamuuliza kimtego, je huyu kijana akiwa bingwa wa pinball? Cohn akafurahi, hapo sasa umeongea! Townshend akaenda akaandika Pinball Wizard, mashine ya kigololo ikaingizwa ndani ya hadithi ya kiroho iliyokuwa inakaribia kukamilika, na huo wimbo ndo ukaibeba albamu, ukafika nafasi ya nne Uingereza.

Mnanielewa? Watu wameandika makala ndefu kuhusu maana ya pinball kwenye Tommy, kigololo ni nafsi, mashine ni ulimwengu, na kadhalika. Kigololo ni Nik Cohn! Mimi sisemi maana haipo, maana mtu anaweza kuipata popote na ni haki yake, nasema tu kabla hujampiga mwenzako na hadithi kichwani, jiulize hiyo hadithi ilifikaje hapo.

Na mimi nikiri upande wangu uko wapi, mimi ni wa chumba cha wanne. Albamu yoyote ya konsepti inayohitaji nisome kava ili niisikie, kwangu imeshapoteza pointi. Lakini nikisikiliza wimbo wa In the Cage wa The Lamb, ile besi inavyodunda chini chini mwanzoni kama mtu ameshtuka usingizini, halafu Gabriel anaingia kwa sauti ya chini kabisa anaanza kupanda, halafu kinanda cha Banks kinafunguka, hapo sihitaji kujua Rael ni nani wala mawe yametoka wapi. Mtu kafungiwa. Nimeelewa. Hadithi ikifanya kazi vizuri haihitaji kuelezwa, na ikihitaji kuelezwa ujue kuna mahali haikufanya kazi. Naona kule mbele mmekunja uso, tutabishana baadaye.

Sasa kuna kitu kingine kinachogawa watu na hatukiongelei kabisa. Ulikutana nayo vipi mara ya kwanza?

Ziara ya The Lamb ilipangwa ianzie Uingereza. Steve Hackett akiwa ameshika glasi ya mvinyo akaibana hadi ikapasukia mkononi, ikamkata kano na neva ya kidole gumba. Mpiga gitaa, kidole gumba! Shoo za Uingereza zikasogezwa mbele, ziara ikaanzia Chicago Novemba 1974. Na pale jukwaani wakaamua kupiga albamu yote, mwanzo hadi mwisho, santuri zote mbili. Fikiria umenunua tiketi kumwona Genesis, umekuja kusikia zile nyimbo zao kubwa za miaka ya nyuma unazozijua kwa moyo, halafu wanakupigia saa moja na nusu ya nyimbo ambazo hazijafika hata kwenye masikio yako, albamu ndo kwanza inatoka, na zile zako wanakuachia moja au mbili mwishoni kabisa. Kuna skrini tatu nyuma, slaidi zaidi ya elfu moja zinatakiwa zipishane kusimulia kisa, na zile mashine ziligoma karibu kila usiku, bendi wenyewe wanasema zilikubali mara chache za kuhesabika. Halafu Gabriel anatoka amevaa lile vazi la mtu wa manundu, limemfunika mwili mzima, kichwa kikubwa, na maikrofoni haifiki mdomoni! Sehemu ya kisa iliyo ngumu kuliko zote kuielewa, na huyo anayekisimulia hasikiki!

Shabiki aliyetoka pale akasema hii albamu ni upuuzi, mtamlaumu? Na mwingine aliyekaa peke yake chumbani, taa kazima, spika mbili, kava mkononi anafuatilia maneno, akasema maisha yangu yamebadilika, naye mtamlaumu? Hao wamesikia vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Walipiga shoo zaidi ya 100 namna hiyo, na ile kambi ya wanaoichukia mimi naamini nusu yake ilizaliwa kwenye viti vya kumbi zile. Kwenye chati za Uingereza iliishia namba 10, wakati ile iliyotangulia, Selling England by the Pound, ilifika namba 3.

Na pale jukwaani kuna siri mashabiki hawakuijua. Ziara bado mbichi kabisa, wako Cleveland, Gabriel akawaambia wenzake mimi nikimaliza hii ziara naondoka. Wakakubaliana wanyamaze. Kwa hiyo miezi yote hiyo, hadi Mei 1975, watu watano wanasimulia kila usiku habari ya ndugu wawili ambao mmoja anamwacha mwenzake, wakijua mmoja wao anaondoka. Dunia ikatangaziwa Agosti. Sitasema zaidi hapo.

Nisogee kwa bendi ya Pink Floyd kidogo maana najua nusu yenu mmekuja mkidhani nitaongelea albamu yao ya The Wall. Ile ya 1979 ni ugomvi wa namna nyingine, maana hapo watu waligawanywa na wimbo mmoja. Another Brick in the Wall, Part 2. Ulipotungwa ulikuwa kipande kifupi tu, ubeti mmoja, kiitikio, basi, unapita kwenye hadithi ya yule nyota wa rock anayejijengea ukuta. Prodyuza Bob Ezrin akaona hapa kuna wimbo wa kuuza. Akawaambia urefusheni, wakakataa, sisi sio bendi ya nyimbo za kuuza moja moja. Walipotoka akachukua tepu, akanakili ubeti na kiitikio, akaviunganisha na dramu katikati, ukawa mrefu. Ila ubeti wa pili ni ule ule wa kwanza, sasa wafanyeje? Ikatumwa habari London, fundi wa studio akaenda shule ya jirani, Islington Green, akachukua wanafunzi 23 wakaimba. Roger Waters wa bendi hiyo, mwenye hadithi, kusikia zile sauti za watoto, kwisha habari yake. Wimbo ukafika namba moja Uingereza Krismasi ile, ukafika namba moja Marekani.

Na angalia ulivyotoka nje ya hadithi ukageuka kuwa kitu kingine kabisa. Ndani ya albamu mwalimu mkali ni tofali moja tu kati ya mengi, kuna mama, kuna baba aliyefia vitani, kuna mke. Nje ya albamu ukawa wimbo wa wanafunzi. Afrika Kusini mwaka 1980 wanafunzi waliogomea elimu ya kibaguzi wakaushika wakauimba, serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Ndani ya hadithi ya Waters hakuna hata mstari mmoja unaohusu Afrika Kusini, na bado nani atawaambia wale vijana kwamba wamekosea kuuelewa? Mimi siwezi.

Lakini sasa yule aliyenunua santuri mbili kwa sababu ya ule wimbo, akafika upande wa tatu akakutana na Vera, na Bring the Boys Back Home, akafika upande wa nne akakutana na The Trial, mahakama nzima inaimbwa na jaji na mama, akasema nimeibiwa. Na mle ndani ya studio yenyewe, Comfortably Numb, mnaoipenda nyote, Waters na mpiga gitaa David Gilmour walishikana vibaya juu yake, mmoja anataka toleo lenye okestra, mwingine anataka toleo gumu lenye gitaa, mwisho wakagawana, beti zikawa za okestra na solo ya mwisho ikatoka kwenye toleo la Gilmour. Mpiga kinanda Richard Wright akatolewa kwenye bendi, halafu akaajiriwa kupiga shoo za The Wall kwa mshahara, na kwa kuwa shoo zile ziliingiza hasara, yeye aliyefukuzwa ndo peke yake aliyeondoka na faida. Nawaapia hii ndo hadithi ninayoipenda kuliko hadithi yoyote iliyomo ndani ya albamu zote za konsepti.

Ezrin huyo huyo akaenda kwa bendi ya Kiss. 1981. Mnacheka, chekeni. Music from "The Elder". Kiss walikuwa wametangaza wanarudi kwenye rock nzito, mashabiki wako tayari, kumbe zinakuja okestra, kwaya, na kisa cha kijana aliyechaguliwa kuokoa ulimwengu. Ace Frehley mpiga gitaa akapinga tangu siku ya kwanza, kura zikamshinda, akawa anarekodi sehemu zake nyumbani kwake Connecticut anazituma. Kampuni ya rekodi nayo ikaona albamu inaanza kinyonge, ikapangua nyimbo, ikaweka The Oath mwanzo kwa kuwa ina gitaa. Hadithi ya kijana inaanza katikati! Hata aliyetaka kufuatilia kisa hangeweza. Ikaishia namba 75 Marekani, hawakuizungusha kwenye ziara, na Frehley mwaka uliofuata akaondoka. Mpangilio uliokusudiwa ulikuja kurudishwa 1997, na hapo ndo kikaanza kukua kikundi cha wanaoitetea, wanasema tulihukumu kitu kilichokatwakatwa. Wana hoja. Mimi nimeisikiliza kwa mpangilio sahihi na bado kisa ni chepesi mno, ila A World Without Heroes, ambayo Lou Reed alichangia maneno yake, ni wimbo mzuri, tena mzuri wa kweli, aisee sikutegemea kusema hivyo mbele ya watu.

Umeona lakini? Frehley kapinga studio, mashabiki wa Frehley wakapinga dukani. Ni ule ule.

Turudi kwa Rael tumalize maana naona saa. Mmeniuliza kabla sijapanda hapa, nisimame wapi. Nasimama hivi. Upande wa kwanza na wa pili wa The Lamb sioni mfano wake kwenye kazi za bendi hiyo, Back in N.Y.C. Gabriel anaimba kwa hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kabla, na The Carpet Crawlers hata nyie wa mlangoni mnaipenda, msinidanganye. Upande wa tatu una nyimbo za The Lamia na Anyway, na una dakika nyingi za kungoja. Upande wa nne nauona umechoka. Ndo pale ambapo maneno yamechelewa, muziki umebaki mwingi na kisa kinakimbizwa kufika mwisho, ndo sababu watu wengi wanakwambia naipenda sana ukiwauliza inaishaje wanaanza kukohoa.

Na kuna kitu kimoja ambacho kambi zote mbili zimeshindwa kukipangua. Gabriel aliondoka, wale wa chumba chake wakasema bendi imekufa. Mwaka 1976 Phil Collins akashika maikrofoni, A Trick of the Tail ikafika namba 3 Uingereza, pale pale ilipofika Selling England. Wale wa chumba cha wanne wakasema si mnaona? Lakini hao hao wanne, wakabaki watatu Hackett alipoondoka, wakipanda jukwaani In the Cage ikawa inarudi mara nyingi. Mwaka 1999 The Carpet Crawlers ikatoka tena ikiwa imerekodiwa upya, Gabriel na Collins wakiimba wote. Na shoo yao ya mwisho kabisa, London, Machi 2022, Collins kakaa kwenye kiti hawezi tena kupiga dramu, Gabriel yuko kwenye hadhira kama mtazamaji, wimbo waliofungia ni huo huo. Katika nyimbo zote walizonazo! Wana nyimbo zilizopigwa redioni mara elfu zaidi ya huo. Banks yule yule asiyeipenda hadithi akiwa kwenye kinanda.

Sasa hapo kila kambi itachukua inachotaka. Mtasema ni wimbo tu umebaki hadithi imekufa, wengine mtasema hadithi ndo iliyoufikisha. Mi nishachoka kuongea. Tunasikiliza upande wa tatu wote sasa hivi, wote, bila kuruka The Waiting Room, nimeshawaona mnaotaka kuiruka. Baada ya hapo maikrofoni inaanzia kule mlangoni, dakika tatu tatu kila mtu. Na anayetaka kutetea wimbo wa mwisho, ule unaoitwa "it", ajipange vizuri, mimi msinitegemee.